Nimeambiwa niwafundishe marezidenti kufundisha, tena kwa siku moja

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni daktari ninayesomea ubingwa wa magonjwa ya watoto, mwaka wa tatu, katika hospitali ya kufundishia ambayo naomba nisiitaje. Mwaka huu nimefanywa rezidenti mkuu. Maana yake napanga zamu, nasuluhisha ugomvi wa zamu, kisha nalaumiwa na pande zote mbili. Hayo nimeshayazoea. Lililonifanya nikuandikie ni jingine.

Wanafunzi wa MD5, yaani wa udaktari mwaka wa tano, walipomaliza kupita kwetu walijaza fomu za maoni. Walichoandika, kwa ufupi, ni kwamba wodini kwetu mtu hujifunza kwa bahati. Ukiangukia kwa rezidenti anayependa kufundisha unatoka na kitu. Ukiangukia kwa mwingine unabeba sampuli kupeleka maabara mpaka muda wako unaisha. Mkuu wa idara alizisoma fomu hizo, akaniita, akasema marezidenti wapya wako njiani, kwa hiyo niandae mafunzo ya kufundisha kwa marezidenti wote, wapya na wa zamani. Nimepewa siku moja, ukumbi, projekta na fungu la chai.

Nimeanza kutengeneza slaidi. Nina nadharia za jinsi watu wazima wanavyojifunza, nina aina za wanafunzi, wale wa kuona na wale wa kusikia, nina sifa kumi za mwalimu bora. Nikizipitia usiku nasinzia mwenyewe.

Wenzangu nao hawaoni haja. Wengi tunajilipia ada, tuna tasnifu za kumaliza, tuna zamu za usiku, na hakuna aliyeingia ubingwa ili awe mwalimu. Mmoja aliniambia waziwazi: "Sisi tulifundishwa kwa kutukanwa na tumekuwa madaktari. Hawa wa siku hizi wanataka kubembelezwa." Wakacheka wote, na mimi nikacheka, maana ni kweli tulitukanwa.

Halafu kuna suala la muda. Asubuhi tuna ripoti, baada ya hapo raundi. Wodi imejaa, vitanda vingine vinalaza watoto wawili, na ikifika saa sita akina mama bado wanauliza majibu ya damu. Nikimwambia rezidenti asimame afundishe, ataniuliza dawa zitaandikwa na nani.

La mwisho ndilo zito. Tuna mwenzetu mmoja, mwaka wa tatu kama mimi, lakini chuoni alinitangulia na hadi leo namwita kaka. Kwa mikono hakuna anayemfikia. Mtoto aliyekaukiwa maji hata mshipa hauonekani, yeye ataupata. Lakini kufundisha kwake ni kuhoji mbele za watu. "Umesoma chuo gani wewe?" "Hata muuguzi mwanafunzi analijua hili." Anayasema hayo mama wa mtoto akiwa amekaa pale pale. Madaktari watarajali, yaani waliomaliza chuo na wako kwenye mwaka wa mazoezi, wanamwogopa kiasi kwamba akiwa zamu hawampigii simu. Hivi karibuni mmoja wao alikaa na wasiwasi juu ya dozi ya dawa ya degedege mpaka alfajiri, mwishowe akamuuliza muuguzi badala ya kumuuliza yeye. Mtoto hakudhurika. Nilipomgusia kaka, akanijibu, "Angekuwa amesoma asingekuwa na wasiwasi."

Mwalimu, kufundisha kunafundishika? Na kama kunafundishika, siku yangu moja niifanyie nini?

Rezidenti Mkuu

JIBU

Marahaba, daktari.

Kunafundishika. Ila si ukumbini, na slaidi zako nyingi zinaweza kupumzika. Anza na kuifuta ile ya wanafunzi wa kuona na wa kusikia. Mwaka 2008 Harold Pashler na wanasaikolojia wenzake wa Marekani waliupitia ushahidi uliokuwepo kuhusu jambo hilo, wakakuta hautoshi kumfanya mwalimu ahangaike kumfundisha kila mtu kwa "aina" yake. Sifa kumi za mwalimu bora nazo ziache. Sijakutana na mtu aliyekuwa mwalimu bora kwa kusomewa sifa zake.

Hao ni madaktari. Kutoa maji ya uti wa mgongo hawakujifunza kwa projekta. Walishika sindano huku mtu anawatazama na kuwaambia imeinama, irudishe, mnyooshe mtoto mgongo. Sasa jiulize: tangu waanze kufundisha, nani amewahi kusimama nyuma yao akawatazama wakifundisha? Nadhani hakuna. Rezidenti anaweza kufundisha miaka mitatu asiambiwe hata mara moja kwamba ameuliza swali akalijibu mwenyewe kabla mwanafunzi hajavuta pumzi. Hapo ndipo pa kuanzia, na siku yako ni ya kufungulia mlango huo tu.

Kuhusu wenzako wasioona haja: wanadhani umewaletea kazi mpya, kumbe wanaifanya tayari, wapende wasipende. Bingwa anapita, anaondoka kwenda kliniki. Rezidenti ndiye anayebaki wodini, na mtarajali anajifunza kwake hata pale asipokusudia kufundisha. Akimwona ananawa mikono kati ya mtoto na mtoto, amejifunza. Akimwona haruki kitanda ila anaruka kunawa, amejifunza pia. Jambo hili si geni. Hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore ilifunguliwa mwaka 1889 na chuo chake cha udaktari mwaka 1893. Hapo William Osler aliwaingiza wanafunzi wodini wajifunze kando ya kitanda, na madaktari waliokuwa wakisomea fani zao wakakaa humo humo hospitalini, kila ngazi ikimfundisha aliye chini yake. Utaratibu huo ndio mnaoishi nao. Leo huko Marekani chombo kinachoidhinisha vyuo vya udaktari, LCME, kinataka kila rezidenti anayefundisha wanafunzi awe ameandaliwa kwa kazi hiyo. Mweleze mkuu wa idara hilo, atafurahi. Wenzako usiwaambie, hawatafurahi.

Na yule aliyesema mlitukanwa mkawa madaktari, mwambie anahesabu waliobaki. Hajawahesabu waliokimbilia idara nyingine, wala maswali ambayo yeye mwenyewe aliyameza usiku fulani akakisia dozi.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Wafundishe jambo moja, walishike. Mwaka 1992 Jon Neher na wenzake, madaktari wa familia katika jimbo la Washington, Marekani, waliandika njia fupi ya kumfundisha mtu katikati ya kazi. Ina hatua tano, na imesambaa duniani kote kwa sababu haihitaji ubao wala muda wa ziada. Nitakuonyesha kwa mfano wa kwenu, maana ikielezwa kwa maneno matupu inaonekana ya kitoto.

Saa nane usiku mtarajali anapiga simu. "Daktari, kuna mtoto wa miaka mitatu, homa kali, haharishi, hana utapiamlo, mikono na miguu ni ya baridi. Nimpe maji?" Rezidenti aliyechoka atasema "mpe" au "usimpe", basi. Rezidenti mkali ataanza kumhoji dozi. Wote wawili watakata simu hawajui kilichomo kichwani mwa mtarajali yule, na kesho atauliza swali lile lile.

Wewe muulize hivi: "Kwa maoni yako ana nini, na ungekuwa peke yako ungefanya nini?" Halafu nyamaza. Atajikunyata kidogo, kisha atasema: "Nadhani ana mshtuko wa mzunguko wa damu. Ningemmiminia maji ya chumvi, mililita 20 kwa kilo, haraka." Umeona? Tayari umepata ambacho usingekipata. Ameshajifunga kwa jibu lake, na sasa analijali.

Fuatisha: "Umeona nini kinachokupeleka huko?" Atasema mikono ya baridi. Na mapigo ya moyo? Yana nguvu, hajayahesabu. Ukibonyeza kidole ukaachia, rangi inarudi baada ya muda gani? Sekunde mbili. Hapo shimo limeonekana lenyewe. Ana dalili moja kati ya tatu, na dalili moja hiyo ndiyo aliyoijengea matibabu yote.

Ndipo umpe kanuni, moja tu, isizidi sentensi mbili. Kwa mtoto huyu kanuni yenyewe ina historia ya nyumbani. Mwaka 2011 yalitoka majibu ya utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, Muheza, kwa watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Vitabu vilikuwa vinasema wamiminiwe maji haraka. Waliomiminiwa walikufa kwa wingi zaidi: ndani ya saa 48 walikuwa kama asilimia 10.5, na wasiomiminiwa asilimia 7.3. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake mwaka 2016. Siku hizi ni mshtuko zikiwepo dalili zote tatu kwa pamoja, yaani baridi ya mikono na miguu, rangi inayochelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu yanayokwenda mbio. Hata hapo maji ni mililita 10 hadi 20 kwa kilo, yaende kwa dakika 30 hadi 60. Lakini saa nane usiku usimhadithie yote hayo. Mwambie: "Dalili moja haitoshi kuitwa mshtuko, zinatakiwa tatu. Kwa mtoto wa homa kali, maji ya haraka bila hizo tatu yanaweza kuua." Habari ya Muheza utampa asubuhi mkinywa chai, na niamini, hataisahau, kwa sababu sasa ina sura ya mtoto.

Baki mambo mawili. Mtajie alichofanya sawasawa, kwa jina lake: "Umefanya vizuri kunipigia kabla hujafungua maji." Usimwambie "safi sana", hiyo haimfundishi kitu. Kisha rekebisha: "Kabla ya kupiga simu hesabu mapigo na ubonyeze kidole, uniambie namba. Sasa mpime sukari na wingi wa damu, nakuja kumwona." Mazungumzo yote hayajamaliza dakika tano. Wamarekani waliipa njia hii jina la mwalimu wa dakika moja. Mimi sijawahi kuimaliza kwa dakika moja, kwa hiyo usiwaahidi wenzako hivyo.

Kilicho kigumu katika hatua hizo, na utakiona siku ile ile ya kwanza, ni kile kimya baada ya swali. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alipima madarasani katika miaka ya 1970 na kukuta kwamba walimu wengi, wakishauliza, husubiri sekunde moja hivi, kisha wanaendelea. Walipojizuia mpaka sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na hata waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Madaktari ni wabaya zaidi ya hapo. Tumefundishwa kwamba kimya ni kutojua, kwa hiyo kinatuwasha hata kikiwa cha mwenzetu. Wape marezidenti wako saa ya ukutani waitazame.

Kwa hiyo siku yako iwe hivi. Rudisha projekta, chai ibaki. Wagawe watu wanne wanne, kila kundi likae saa mbili kwenye chumba cha pembeni cha wodi, wodi isibaki bila watu. Chukua watoto watatu mliowaona kweli, ondoa majina, uandike maelezo mafupi. Mmoja anakuwa mtarajali, mmoja rezidenti, wawili wanatazama na kuandika maneno yaliyosemwa, neno kwa neno. Wasiandike "alikuwa mzuri". Waandike: "Aliuliza, akajibu mwenyewe." "Alitoa kanuni tatu kwa mpigo." Kisha wasome walichoandika kwa sauti. Watacheka sana, maana mtu hujijua kwa mara ya kwanza akisomewa maneno yake. Wabadilishane nafasi, na kila mmoja apite angalau mara moja kwenye kiti cha mtarajali, hasa wale waliokwisha sahau kinavyochoma.

Ukiishia hapo utakuwa umefanya mchezo wa kuigiza. Kazi halisi inaanza wiki inayofuata, utakapomfuata kila rezidenti wodini kwa dakika kumi, mara moja kwa mwezi, ukiwa na karatasi. Husemi kitu mbele ya wanafunzi. Baadaye, pembeni, unamuuliza kwanza yeye ameonaje, kisha unamsomea maneno matatu au manne uliyoyasikia, mnachagua jambo moja la kubadilisha. Na wa kwanza kutazamwa uwe wewe. Wa pili, ukiweza, awe bingwa mmoja mwenye moyo mkunjufu. Mwombe kwa heshima: "Daktari, naomba marezidenti watazame unavyofundisha kitanda kimoja, waandike." Wakimwona bingwa anasomewa maneno yake na hakasiriki, kazi yako itakuwa nyepesi kuliko kwa hotuba yoyote ya mkuu wa idara.

Muda sasa. Usimwombe rezidenti afundishe raundi nzima, hawezi, na nani atatoa dawa ni swali la haki. Mwombe mtoto mmoja. Kabla ya raundi aseme: "Leo tutajifunza kitanda namba saba, nendeni mkamwone sasa." Kitanda hicho kitachukua dakika kumi, vingine ni kazi kama kawaida. Wodi iliyojaa ina faida moja ambayo wenzenu wa nchi tajiri hawana: hamtakosa mtoto wa kujifunzia.

Akifika hapo kitandani, kuna jambo ambalo vitabu vya Marekani havitakuambia. Mnafundishana kwa Kiingereza, mama amekaa kwenye kiti au ukingoni mwa kitanda, anawatazama midomo. Anadaka neno moja moja. Mkisema "RVD", yaani ugonjwa wa virusi vya UKIMWI, mkidhani mmeficha, wengine wanaijua siku hizi. Mkitaja saratani kama jambo la kuliondoa tu kwenye orodha, yeye amesikia mwanawe ana saratani, na mtakapoondoka atalia peke yake. Mabishano ya ugonjwa gani na ugonjwa gani yafanyeni kwenye korido. Kitandani mpime mtoto, mzungumze na mama, kwa Kiswahili, tena anayezungumza awe mwanafunzi. Mwambie wa MD5: "Mweleze mama mtoto wake ana nini na leo tutafanya nini." Mimi huo ndio mtihani ninaouamini. Mwanafunzi anaweza kumimina istilahi za Kiingereza zikamficha, lakini akishindwa kumweleza mama kwa nini mtoto anavuta pumzi kwa shida, basi hata hizo istilahi hajazielewa. Na mama naye atakuwa ameelezwa, jambo ambalo, tusidanganyane, kwenye wodi nyingi huwa halifanyiki.

Na kwenye kuuliza maswali katika kundi, kuna utaratibu mdogo unaozuia aibu nyingi: anza na aliye chini. Muulize wa MD3, kisha wa MD5, kisha mtarajali, mwisho rezidenti wa mwaka wa kwanza. Ukianza juu ukashuka, kila anayejibu anamvua nguo aliyemtangulia.

Fomu za kupima mafunzo kwa namba moja hadi tano waachie wanaozipenda. Wewe waulize watarajali mambo mawili kila mwisho wa mwezi, bila majina: ulifundishwa nini ambacho hukukijua, na kuna swali gani ulilitaka kuliuliza ukaogopa. La pili ndilo litakalokuambia wodi iko salama kiasi gani.

Tufike kwa kaka yako.

Tenganisha mambo mawili. Kuuliza maswali si kosa lake. Daktari asiyeulizwa hajifunzi, na wapo marezidenti wapole ambao upole wao ni uvivu tu: hawaulizi, hawasahihishi, wanafunzi wanawapenda na wanatoka watupu. Tofauti iko kwenye swali linalotafuta nini. Lipo linalotaka kujua mwenzako anafikiri nini, na lipo linalotaka watu wajue kwamba hajui. "Umesoma chuo gani" halina jibu la kitabibu.

Usimpeleke kwenye mafunzo ukitumaini atajiona. Hatajiona, atadhani unawasema wengine. Mtafute nje ya wodi, mkiwa wawili, siku asiyotoka zamu. Kwa kuwa unamwita kaka, endelea kumwita kaka. Anza na mikono yake, tena kwa dhati. Mwombe awafundishe marezidenti wapya kuweka kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, kwa watoto waliokauka, kwa njia ya hatua nne aliyoieleza mpasuaji Rodney Peyton mwaka 1998: kwanza unafanya kwa mwendo wako wa kawaida bila kusema neno, pili unafanya ukieleza, tatu unafanya huku mwanafunzi ndiye anayekuelekeza, nne anafanya yeye akieleza. Watumie mkono wa mwanasesere wa mazoezi, mtoto asichomwe mara nne. Njia hiyo inamfaa kaka yako kwa sababu mbili. Kwanza inampa heshima anayostahili. Pili inaanza na kukaa kimya, na hatua ya tatu inamlazimu amsikilize mwanafunzi mpaka mwisho.

Kisha mpe habari ya usiku ule jinsi ilivyotokea, bila sifa yoyote ya tabia. Usiseme "wewe ni mkali". Sema: "Kaka, mtarajali alikuwa na swali la dozi. Wewe ulikuwa zamu. Hakukupigia, alikaa mpaka alfajiri." Atarudia kwamba angekuwa amesoma asingekuwa na wasiwasi. Mjibu: "Inawezekana hajasoma. Ndiyo maana namtaka akupigie. Asiyejua akauliza hanitishi, ananitisha asiyejua akanyamaza." Mwachie yeye aseme ni mambo gani anataka aamshwe usiku, na mwombe awatangazie watarajali mwenyewe, kwa mdomo wake, kwenye ripoti ya asubuhi. Dozi ya dawa ya degedege iwemo.

Jambo moja usilijadili naye, mwambie tu: kumdhalilisha daktari mbele ya mama wa mgonjwa kunakoma leo. Mama yule atabaki na daktari huyo huyo usiku kucha, na umeshamwambia asimwamini.

Mpe wiki chache, umtazame kama unavyowatazama wengine. Ikiwa watarajali bado wanakwepa kumpigia, mwandikie mkuu wa idara. Andika tarehe, andika swali la dozi, andika nani hakupigiwa simu. Usiandike neno "matusi" wala "tabia", hayo yatageuzwa ugomvi wa rika na utaambiwa mkae mpatane. Liandike kama suala la usalama wa wagonjwa, nakala ibaki kwako, na siku hiyo hiyo upange zamu ambayo mtarajali ana rezidenti wa pili wa kumpigia.